Kwa Nini Hatukuchui Kiuno Siku ya Kwanza

Mteja mwingine mwenye maumivu ya kiuno ametoka kwenye kliniki yetu ya tiba ya mazoezi amekasirika, akidai kuwa amelipa fedha ili aulizwe maswali na kuinamishwa, bila kupakwa hata tone la mafuta. Malalamiko hayo tunayasikia mara kwa mara hapa Tanga, na kwa kuwa yanagusa bei, ni haki tuyajibu.

Ada ya siku ya kwanza ni kubwa kuliko ya siku zinazofuata kwa sababu uchunguzi ndio kazi yenyewe. Tunapima nguvu za miguu na hisia za ngozi, tunatazama mgonjwa anavyoinama, na tunamuuliza kuhusu homa, kupungua uzito na kifua kikuu, ambacho huweza kushambulia pingili za mgongo. Mwenye ganzi makalioni na sehemu za siri, anayeshindwa kuzuia haja, au ambaye mguu unazidi kulegea, hatumchui hata akilipa mara mbili. Tunamwelekeza Hospitali ya Bombo siku hiyohiyo, kwa kuwa mishipa ya fahamu iliyobanwa namna hiyo haingoji.

Wengi hawana hatari hiyo. Maumivu yao hupungua ndani ya wiki chache wasipojilaza kitandani kutwa, na nyumbani chupa ya maji ya moto iliyofungwa kanga, kutembea kidogo kidogo, na kulala ubavu na mto katikati ya magoti hutosha kuanzia.

Kinachotuudhi ni sindano za diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu. Mpagazi mmoja wa bandarini alikuwa akidungwa kila kiuno kilipomzidi, kisha akirudi kubeba magunia kwa kuwa hasikii kitu. Alipofika kwetu alikuwa na vidonda vya tumbo, presha imepanda, na kiuno ni kilekile. Fedha za sindano zingemlipia matibabu yetu yote pamoja na nauli. Mama mmoja wa Ngamiani naye alileta picha ya eksirei aliyojilipia, akiamini pingili zimesagika, ingawa mabadiliko kama hayo huonekana hata kwa wasioumwa. Tuliiweka kando, tukamfundisha mazoezi, na sasa amerudi kukaanga samaki wake.

Kuchua nako tunachua, ila baadaye, ili misuli ilegee na mazoezi yawezekane. Anayetaka kuchuliwa tu, wachuaji wazuri wa bei nafuu wapo mjini, nasi tutamwelekeza kwao, mradi tumpime kwanza.