Uwiano wa chembe za damu uandikwe kwenye rufaa

Mhariri,

Wagonjwa wa saratani ya kinywa na koo kutoka huku Tanga hupewa rufaa kwenda Ocean Road, taasisi ya saratani iliyoko Dar es Salaam, kwa tiba ya mionzi. Kipimo cha picha kamili ya damu huonyesha pia neutrofili na limfosaiti, chembe nyeupe za kinga. Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba kwa wagonjwa hawa, neutrofili zikizidi mno limfosaiti, yaani uwiano wake ukiwa mkubwa, hatari ya kutopona huwa kubwa zaidi. Si hukumu, maana hata jipu la jino huupandisha uwiano huo, wala hauchukui nafasi ya kupima kinyama cha uvimbe. Lakini kugawanya idadi ya neutrofili kwa ile ya limfosaiti hakugharimu chochote! Madaktari wetu wauandike uwiano huo kwenye rufaa, ili wenye hatari wafuatiliwe kwa karibu na jamaa zao waelezwe mapema.

Msomaji,
Ngamiani, Tanga