Risala ya Kikundi cha Usafi wa Mazingira cha Soko la Mtaa kwa Mgeni Rasmi, Jijini Dodoma

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Diwani wa Kata yetu,
Ndugu Mtendaji wa Kata na Ndugu Mwenyekiti wa Mtaa,
Bibi Afya wetu,
Masheikh, wachungaji, wazee, mama lishe, wauza mitumba, vijana wa bodaboda na wananchi wote mliofika,

Mbukwenyi!

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa kufika. Neno hilo la kufika hatulisemi kwa mazoea. Mwaka juzi tulifunga turubai, tukapika pilau, tukakaa hadi saa kumi jioni, ndipo tukaambiwa mgeni amepata udhuru. Pilau tuliila wenyewe. Leo tunakuona kwa macho na jua letu umelivumilia. Ahsante sana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wazee wametuagiza tusiruke historia, nasi tutaipitia kwa haraka. Vita Kuu ya Kwanza ikielekea mwisho na baada yake nchi hii ya Ugogo iliona njaa iliyoitwa Mtunya, na homa ya mafua ya mwaka 1918 nayo ikapita. Mwaka 1973 Dodoma ilichaguliwa kuwa makao makuu ya nchi, na mwaka huohuo watu walikaa vikundi vikundi kuizunguka redio kusikiliza kampeni ya Mtu ni Afya, kisha wakainuka wakachimba vyoo. Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia hapa, watu walimiminika. Tarehe 26 Aprili 2018 tukawa jiji. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu hapa watu 410,956; ile ya mwaka 2022 ikahesabu 765,179. Wote hao, Mheshimiwa, wanakula, na anayekula huwa na mahali pa kwenda baadaye. Historia tunaiacha hapo.

Kikundi chetu kilizaliwa tarehe 9 Desemba 2015, siku ambayo sherehe za Uhuru ziligeuzwa kuwa siku ya usafi nchi nzima kwa sababu ya kipindupindu. Tulikuwa watu 11 na mafagio ya chelewa. Leo tupo wanachama 34, na mafanikio yetu ni makubwa, tena ya kujivunia. Tuna akaunti benki. Tuna makoti 20 ya kuakisi mwanga, ambayo baadhi yetu tumeyavaa hapa mbele yako. Tulinunua mapipa sita ya taka, na manne kati ya hayo bado yapo sokoni. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunafagia soko zima. Mtaro wa upande wa barabara tuliuzibua wote. Umeziba tena, ila safari hii umezibia mahali pengine. Pia tumetoa elimu ya kunawa mikono kwa mama lishe wote wa soko hili, na kila meza ya chakula sasa ina ndoo yenye koki na kipande cha sabuni. Hilo la sabuni si dogo, na tungependa lipigiwe makofi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, baada ya hayo tunaomba ruhusa yako tuzungumze habari ya choo.

Soko hili lina wafanyabiashara wanaoingia saa kumi na moja alfajiri na kutoka saa mbili usiku. Choo hakuna. Kilichopo ni boma. Ukisimama na kutazama nyuma ya meza za nyanya utaliona: kuta za tofali hadi usawa wa lenta, matundu manane yaliyogawanywa vizuri, juu ni mbingu. Ndani yake mbuzi hupumzika mchana. Ukutani, upande wa mbele, kuna jiwe la msingi la marumaru lenye maandishi ya dhahabu. Mheshimiwa, katika jengo lote jiwe hilo ndilo lililokamilika, na kila Jumamosi ya usafi huwa tunalifuta vumbi.

Jiwe hilo liliwekwa na mgeni rasmi wa kwanza, akatuahidi kwamba atarudi kulizindua jengo. Mgeni wa pili alituahidi mifuko 60 ya saruji. Ikaja 25, ikashushwa mwezi Machi mvua inanyesha, na hatukuwa na stoo. Mifuko tisa iligeuka mawe tukaifanya ngazi za kupandia sokoni, kwa hiyo hatuwezi kusema haikutumika. Mgeni wa tatu alituahidi bati kabla Bunge la bajeti halijaisha. Bunge la bajeti limeisha mara kadhaa tangu hapo, na kosa huenda ni letu, maana hatukuuliza la mwaka gani. Hatusemi haya kwa kulaumu. Waheshimiwa wale wana majukumu mengi na barabara za kwenda kwao ni ndefu. Tunayasema ili Mheshimiwa ujue foleni ya ahadi uliyoikuta mbele yako.

Wakati ahadi zikiwa njiani, watu wameendelea kujisaidia. Mwenye shilingi anavuka barabara kwenda kwenye nyumba ya kulala wageni, analipa 300, tena kama mhudumu ameamka vizuri. Asiye nayo anashuka korongoni. Vijana wa bodaboda wana chupa zao za maji, na chupa hizo hurudi zikiwa na rangi nyingine. Mtoto wa mwanachama wetu mmoja aliwahi kuiokota akidhani ni juisi. Akina mama ndio wanaoumia kuliko wote. Wengi wao hawanywi maji tangu asubuhi ili wasije wakabanwa, na Dodoma hii unaijua jua lake. Wanarudi nyumbani wana maumivu ya kiuno na mkojo unaowaka, wanapelekwa zahanati, wanapewa dawa, kesho wanarudi mezani na koo kavu. Wakiwa katika siku zao ni afadhali wasije kabisa, na biashara ya siku tatu inalala.

Korongo tunalolisema si la mbali. Kuanzia Desemba hadi Aprili, mvua ikipiga, maji yake yanapita katikati ya makazi ya mtaa wa chini, ambako bado watu wanachota kwenye visima vifupi bomba likikauka. Wataalamu wetu wa afya wametufundisha kwamba choo cha shimo kikae angalau mita 30 kutoka kisima. Sisi, Mheshimiwa, hatuna hata shimo la kupimia. Kinyesi kinasafiri chenyewe hadi kisimani. Kipindupindu kinaambukiza kwa njia hiyohiyo: uchafu wa mgonjwa ukiingia kwenye maji au chakula cha mzima. Mtu anaharisha maji kama yaliyooshea mchele, na asipoongezewa maji mwilini mapema anaweza kufa ndani ya saa chache. Tulioanzisha kikundi hiki mwaka 2015 hatuhitaji kuelezwa hilo.

Halafu kuna nzi. Jirani zetu wa Kongwa wamechunguzwa miaka mingi kwa ugonjwa wa vikope, yaani trakoma, na tunajua kutoka kwao kwamba nzi anayeusambaza huzaliana kwenye kinyesi cha binadamu kilichoachwa juu ya ardhi. Anatoka huko, anatua kwenye jicho la mtoto lenye tongotongo, anahamia jicho la mwingine. Kope zinapinda kwa ndani zinakwangua jicho, na mwisho wake ni upofu. Njiani nzi huyo hupita kwenye mlenda wa mama lishe. Sabuni tuliyoomba ipigiwe makofi haimzuii.

Ombi letu basi, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ni kulimaliza boma lile. Fundi ametupigia hesabu: bati 48 za geji 28 na mbao zake, masinki manane ya kuchuchumaa, milango minane ya chuma, tangi la maji la lita 5,000, shimo la majitaka lenye chemba, na kuunganishiwa bomba. Tundu moja lipanuliwe mlango na kuwekewa njia ya kiti cha magurudumu, na moja la upande wa akina mama liwe na maji ndani na mahali pa kutupia taulo zilizotumika. Sisi tutatoa nguvu kazi yote ya kuchimba, mchanga, kokoto, na mlinzi wa usiku. Tofali za kumalizia tumeshafyatua, zipo nyuma ya ofisi ya mtaa, zimehesabiwa mbele ya Mwenyekiti.

Tunaomba pia, kwa unyenyekevu, choo kikikamilika kisipewe mzabuni kutoka mbali. Tumeona masoko mengine ambako choo kilijengwa kwa jasho la wananchi, kikakodishwa, na bei ikawa ileile ya nyumba ya wageni. Kikundi kiachiwe kukiendesha. Tutatoza shilingi 100, na hesabu tutaibandika mlangoni kila mwezi.

Tunalo ombi dogo la toyo moja, yaani pikipiki ya magurudumu matatu, ya kubebea taka, kwa sababu gari linalozipeleka dampo la Chidaya huweza kupitisha wiki bila kuonekana. Hilo likikushinda leo hatutanuna. La choo ndilo tulilokuitia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, baada ya risala hii ratiba inaonyesha chakula. Tunakuomba tuibadilishe kidogo, twende kwanza kwenye boma. Ni hatua kama 80 kutoka hapa ulipokaa. Vijana wamefagia njia asubuhi hii, lakini ukifika karibu na ukuta wa nyuma tafadhali tazama unapokanyaga.

Risala hii ina nakala tatu. Moja tunakukabidhi wewe, moja anabaki nayo Mtendaji, na ya tatu inaingia kwenye jalada letu, pamoja na risala tatu zilizotangulia.

Naomba kuwasilisha.

Katibu wa Kikundi, kwa niaba ya wanachama