Somo, Passo yako haijapungukiwa silinda

Chikongola, Mtwara
Jumapili jioni

Somo yangu Hamisi,

Assalamu alaikum. Huku hatujambo. Mama anakusalimu. Korosho zake zimeshaingia ghalani, tunasubiri mnada, na kusubiri mnada unakujua kulivyo, kwa hiyo hilo tuliache.

Alhamisi uliponipigia nilikuwa chini ya Fuso, mafuta machafu yananidondokea shingoni. Nikakwambia "usinunue kitu" nikakata. Najua hukuridhika. Leo nimekaa barazani na chai yangu nikuandikie sawasawa, maana wewe ukishaguswa mfuko hulali.

Ulisema Passo yako inatetemeka, na fundi wa hapo Lindi alifungua boneti, akahesabu plagi, akapata tatu, akakwambia silinda moja imekufa kwa kuwa Passo ya mwalimu anayoitengeneza yeye ina nne. Halafu akakutajia injini ya laki tisa kutoka Dar. Somo, silinda haing'olewi usiku kama taa ya pembeni! Ni tundu lililochimbwa kwenye bloku lenyewe; ikifa, tundu na plagi yake bado utavikuta pale pale. Lakini sitamtukana mwenzangu moja kwa moja, kwa sababu ya mwalimu kweli ina nne. Passo za mwanzo zilitoka na injini mbili. Chukua kadi ya gari usome namba ya chesisi. Ikianza na KGC10, hiyo ni ya lita moja, injini 1KR, cc 996, silinda tatu tangu kiwandani. Ikianza na QNC10 ni ya 1.3, injini K3, silinda nne. Lako uliniambia ni la lita moja. Basi limezaliwa na tatu na litakufa na tatu.

Sasa lile swali uliloniuliza kwa hasira ndilo zuri: kwa nini mtu mwenye akili zake atengeneze injini ya tatu inayotetemeka, wakati ya nne imetulia?

Unakumbuka tulipokwenda likizo Newala kwa bibi, na kile kinu chake? Akitwanga peke yake tulisikia du! halafu kimya, halafu du! Ukibandika kiganja kwenye kinu unakisikia kinaruka. Wakiingia mashangazi wawili, michi mitatu inapishana na kile kimya kinapungua. Injini ni hivyo hivyo. Kila silinda inapiga mara moja tu katika mizunguko miwili ya krenki, ile shafti ya chini inayozungushwa na pistoni, kwa sababu mzunguko wa pili unaliwa na kutoa moshi na kuvuta hewa mpya. Bodaboda ina silinda moja, ndiyo maana ukiiacha inanguruma chini ya mwembe inatikisa mpaka kioo chake. Zikiwa nne, kila nusu mzunguko kuna pigo moja: mchi huu ukimaliza kusukuma, mwingine unaanza. Zikiwa tatu, kati ya pigo na pigo kunabaki kaupenyo ambako hakuna anayesukuma. Ukiwa mwendo wa kilomita 80 hukasikii. Ukisimama pale Mnazi Mmoja umewasha AC, injini inazunguka polepole, kaupenyo kanakuwa kakubwa na usukani unakutetemekea mikononi. Hakuna kilichokufa hapo.

Kuna na mtetemo wa pili, ambao hautokani na mlipuko bali na uzito wa pistoni zenyewe, ile michi ya chuma iliyomo ndani ya silinda, kupanda na kushuka. Kwenye injini ya tatu, kwa jumla hazivutani juu wala chini, ila ya mbele na ya nyuma hazipandi pamoja, kwa hiyo injini inataka kunyanyua pua ikazamisha mkia, kisha kinyume chake, kama mtumbwi pale Mikindani wimbi likija kwa mbele. Ya nne haifanyi hivyo. Mbili zinapanda, mbili zinashuka, mtumbwi umelala. Lakini nayo ina ugonjwa wake. Pistoni huenda kasi zaidi ikiwa nusu ya juu ya safari yake kuliko nusu ya chini, kwa ajili ya ule mlalo wa koni rodi, mkono unaounga pistoni na krenki, kwa hiyo zinazopanda na zinazoshuka hazifutani kabisa, na mabaki yake ni mtetemo mdogo unaokuja mara mbili kwa kila mzunguko. Injini ikiwa ya lita moja na nusu husikii. Ikivuka lita mbili unaanza kuudhi, na ndipo watengenezaji wengine wanaweka shafti mbili ndogo zenye uzito upande mmoja, zinazozunguka mara mbili ya krenki ili kuufuta. Aliyelibuni jambo hilo ni Mwingereza, Frederick Lanchester. Mitsubishi wakalirudisha sokoni miaka ya 1970.

Iliyotulia kuliko zote ni sita zilizopangwa mstari mmoja. Ni kama injini mbili za tatu zimegeuziana mgongo: huyu akinyanyua pua, mwenzake anamshikilia. Mapigo yanapandana, mchi mmoja haujamaliza mwingine umeshatua.

Ila sasa jaribu kuwapanga watu sita kwenye kinu kimoja cha bibi. Wataeneaje?

Hapo ndipo mwenye kiwanda anapoanza kukuna kichwa. Kwenye Passo injini imelazwa kiupande, giaboksi imeungwa pembeni yake, na vyote viwili viingie katikati ya tairi za mbele na bado tairi zipate nafasi ya kukata kona. Kila silinda ni upana. Ukipunguza moja umepata nafasi, umepunguza uzito, na umepunguza vitu vya kununua: pistoni moja, koni rodi moja, plagi moja, valvu nne. Na umepunguza msuguano, ambao ni petroli inayoungua bila kukusogeza hata hatua.

Halafu kuna jambo ambalo watu hawalifikirii, ukubwa wa tundu lenyewe. Vitz ya zamani ya lita moja, injini 1SZ, ilikuwa na silinda nne, kila moja kama cc 249. Lita hiyo hiyo kwenye 1KR imegawanywa kwa tatu, kila moja cc 332. Vijitundu vingi vidogo vina kuta nyingi za kunyonya joto, na joto linaloingia kwenye kuta limeshaikimbia pistoni. Lakini ukilifanya tundu kubwa mno kwenye injini ya petroli, moto wa plagi una safari ndefu kabla haujafika pembeni, mchanganyiko wa hewa na petroli unajilipukia wenyewe na injini inagonga. Wengi wametua karibu na cc 500 kwa silinda. BMW wa siku hizi wamelifanya kuwa mpango kabisa: tatu kwa lita 1.5, nne kwa lita 2, sita kwa lita 3. Kwa hiyo ukiona gari dogo lina tatu, uliza lita kwanza kabla hujalidharau.

Shemeji yako na ile Mark II yake, GX100, atakwambia yeye ana sita na haijamshinda. Kweli, na mimi nikiikalia naipenda, inakwenda kama maji. Lakini mwambie apige hesabu: cc 1988 kwa sita, tundu moja halifiki hata 332. Kwa nini Toyota waivunjevunje hivyo lita mbili ambazo kwenye injini 3S ya Corona wameziweka kwenye nne? Kwanza, Mark II inasukuma kwa tairi za nyuma, injini imesimama kwa urefu na boneti ni ndefu. Pili, Japani gari likivuka cc 2000 linahamia daraja jingine la kodi. Mnunuzi anataka utulivu wa sita bila kulipa kodi ya mkubwa. Basi akapewa sita ndogo. Shemeji analipia utulivu ule kila akifika kituo cha mafuta, wala hajui.

Kirikuu nazo ni watoto wa sheria hiyo hiyo. Japani gari dogo lenye nafuu ya kodi lisizidi cc 660 tangu 1990, na ukigawa 660 kwa nne utapata vikombe vya kahawa, kwa hiyo Suzuki ameweka tatu. Ndizo zinazobeba samaki na saruji hapa mjini siku nzima, na sijamsikia mtu akisema zimepungukiwa.

Dizeli ni habari nyingine. Haisubiri moto wa plagi usafiri, inabana hewa mpaka ipate moto sana, kisha inanyunyizia mafuta yanayowaka yenyewe, hivyo tundu likiwa kubwa haijali. Land Cruiser mkonga wa injini 1HZ una cc 4164 kwenye sita mstari mmoja, karibu 700 kila moja, na unapanda Newala na mchanga wake bila kelele. Malori mengi yanayoteremsha korosho bandarini ni sita hizo hizo. Lori lina nafasi ya urefu, na silinda hedi, ule mfuniko wa juu wa silinda, iko moja tu. Umbo la V limetokana na shida ya urefu: unazipanga pande mbili, injini inakuwa fupi, lakini unanunua hedi mbili, gasketi mbili, na mimi fundi nachubuka mikono mara mbili. Subaru anazilaza chini kabisa zitazamane kama mabondia, gari linakaa chini barabarani. Safi sana, ila siku ya kubadilisha plagi usiniite.

Sasa la kwako. Mtetemo wa kuzaliwa unakuwa sawasawa, kama ngoma. Ukiwa wa kuruka, mara upo mara haupo, na gari likipanda mlima linakata pumzi, hapo kweli linamisi, yaani silinda inaruka pigo lake: angalia plagi na koili. Ukisikia gari zima linagonga kila ukiingiza D, shika tochi uangalie mauntingi, vile vishikio vya mpira vinavyobeba injini. Ya tatu inazila kuliko ya nne, na zikishapasuka ule mtetemo wote unakuja kwenye kiti chako. Nadhani ndiyo shida yako. Mwambie fundi azifungue, uzipige picha unitumie kabla hujanunua, na mafuta ya injini usiache yakapungua.

Laki tisa ibaki mfukoni. Ukituma kitu kwa basi la Jumatano, nitumie ming'oko. Ya huku wameshaanza kuuza kwa bei ya nyama.

Wasalimie wote nyumbani, na shemeji mwambie sijasema gari lake baya.

Somo yako,
Hamisi