Cessna ni kiwanda, si aina moja ya ndege

Ndugu Mhariri,

Ndege ndogo ikianguka au ikitua kwa dharura huku kwetu, habari huja na maneno yale yale: "ndege ndogo aina ya Cessna". Baada ya hapo msomaji hajui kitu. Cessna ni kiwanda kilichoanzishwa na Clyde Cessna mwaka 1927 mjini Wichita, jimbo la Kansas, Marekani, na tangu 1992 kiko chini ya kampuni ya Textron. Kimeunda ndege za viti viwili za kufundishia, za kubeba mizigo, za kunyunyizia dawa mashambani, na hata jeti za Citation zinazoruka juu ya futi 40,000. Kuandika "Cessna" na kunyamaza ni sawa na kuandika kwamba Toyota imepinduka bila kusema kama ni Vitz, Hiace au Land Cruiser.

Ombi langu kwa waandishi wenu ni dogo: taja namba ya modeli, na herufi iliyofungamana nayo. Namba hiyo ndiyo inayosema ndege ina injini gani, inakunywa mafuta gani, ina milango mingapi na abiria wangetokea wapi.

Zile za injini moja zinazoonekana sana Afrika Mashariki hutambulika hata kwa macho. Zote bawa liko juu ya chumba cha abiria. 172 ni ya viti vinne, milango miwili, magurudumu yasiyokunjwa. Ndiyo ndege iliyoundwa kwa wingi kuliko zote duniani, zaidi ya 44,000 tangu 1956. 182 inafanana nayo ila ni pana zaidi na pua yake ni nzito. Uzito huo wa pua una matokeo yake: rubani akigusa ardhi kwa gurudumu la mbele kwanza, ukuta wa chuma ulio nyuma ya injini hukunjika, na ndege inayoonekana nzima kwa nje huwa imeharibika ndani. 206 ina viti sita na mlango mkubwa wa mizigo ubavuni kulia. 210 hukunja magurudumu. 208, yaani Caravan, ni kubwa kuliko hizo zote. Ina pua ndefu na bomba moja nene la ekzosi upande wa kulia wa pua. Wengi waliowahi kuruka kwenda Mafia, Lamu au Serengeti wameipanda hiyo. Ukiona ndege ndogo ya injini moja yenye bawa chini ya abiria, ujue kwa kawaida si Cessna kabisa, huenda ni Piper; nayo huandikwa Cessna vilevile.

Herufi nayo si pambo. 172N ya mwishoni mwa miaka ya 1970 ina kabureta. 172S, iliyoanza kutoka 1998, haina. Mafuta hupulizwa moja kwa moja kwenye mlango wa kila silinda. Sasa soma sentensi "injini ilipoteza nguvu ghafla ndege ikiwa angani". Kwa 172N, swali la kwanza la fundi ni barafu kwenye kabureta. Watu hucheka wakisikia barafu katika nchi ya joto, lakini mafuta yanapogeuka mvuke na hewa inapopita pale palipobana, joto ndani ya kabureta laweza kushuka nyuzi 20 au zaidi. Siku yenye unyevu mwingi, hata kukiwa na nyuzi 25 nje, maji yaliyomo hewani huganda na kuziba njia. Dalili yake kwenye propela isiyobadili pembe ni mizunguko kupungua polepole bila rubani kugusa kitu. Dawa ni kuvuta wenzo unaoingiza hewa ya moto kwenye kabureta mpaka mwisho na kuuacha hapo. Mwanzoni injini hukohoa zaidi, kwa sababu inameza maji ya barafu iliyoyeyuka, na rubani mwoga huirudisha hewa baridi wakati huo huo ambapo angepaswa kusubiri. Kwa 172S hadithi hiyo yote haipo. Namba ni moja, lakini uchunguzi unaanzia mahali tofauti kabisa.

Mafuta ni jambo la pili, nalo huua. 172, 182, 206 na 210 zenye injini za kawaida za pistoni hutumia petroli ya ndege, daraja la 100LL, yenye rangi ya buluu. Caravan ina injini ya tabini ya Pratt & Whitney Canada PT6A na hutumia Jet A-1, ambayo ni jamii ya mafuta ya taa, haina rangi au ina umanjano hafifu. Mtu akitia Jet A-1 kwenye 206, injini huwaka bila shida, kwa kuwa mabomba bado yana petroli safi. Ndege hutembea mpaka mwanzo wa njia, pengine ikapaa. Kisha mchanganyiko hufika kwenye silinda, mafuta hulipuka kabla ya wakati wake, vichwa vya silinda hupata moto kupita kiasi na nguvu hupotea ndege ikiwa chini sana kuchagua pa kutua. Kosa la upande wa pili si kali hivyo: PT6A inaruhusiwa kutumia petroli ya ndege kwa muda, saa zisizozidi 150 kati ya ukarabati mkuu mmoja na mwingine.

Ndiyo maana mdomo wa bomba la Jet A-1 hutengenezwa mpana na bapa, usiingie kwenye tundu la tangi la petroli. Kinga hiyo haifanyi kazi mahali ambapo mafuta hutiwa kwa pampu ya mkono kutoka kwenye pipa. Hapo rubani mwenyewe anapaswa kusimama, kusoma maandishi ya pipa, kuchota sampuli na kuitazama kwenye mwanga. Akiwa na shaka, adondoshe tone kwenye karatasi nyeupe: petroli hukauka na kuacha karatasi safi, Jet A-1 huacha doa la mafuta. Mtego mwingine uko kwenye neno "Turbo" lililopakwa ubavuni mwa baadhi ya 206 na 210. Hizo ni injini za pistoni zilizoongezewa kifaa cha kusukuma hewa, bado zinahitaji petroli. Wapo watia mafuta waliolisoma neno hilo wakadhani ni tabini, na wapo waandishi wanaokosea vivyo hivyo.

Kuhusu 206 naomba nafasi kubwa kidogo, kwa sababu abiria wake wanahitaji kujua jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Katika U206 na 206H mlango wa mbele ni mmoja tu, wa rubani, upande wa kushoto. Abiria wa nyuma hutokea kwenye mlango wa mizigo wenye mbao mbili, yaani vipande viwili vinavyofunguka, upande wa kulia. Ubao wa mbele uko chini ya flapu, yaani lile pande la nyuma ya bawa linaloteremshwa wakati wa kutua. Flapu ikiwa chini, ubao huo hufunguka sentimita chache tu kisha hugonga. Na ubao wa nyuma hauwezi kufunguliwa kabla ya kuusogeza ule wa mbele, kwani komeo lake limefichwa pembeni pake. Kuna zaidi: swichi iliyo kwenye mlango huo huzuia flapu kutembea ubao wa mbele ukiwa wazi. Abiria akiwahi kuusukuma, rubani hawezi tena kuipandisha flapu.

Njia ya kutoka imeandikwa kwenye kibao mlangoni, na inafaa kuisoma kabla ya kuruka. Zungusha mkono wa ubao wa mbele mpaka mwisho kuelekea mbele, kisha mpaka mwisho kuelekea nyuma. Sukuma ubao mpaka pale unapokwama. Ingiza mkono kwenye uwazi huo, uzungushe wenzo mwekundu wa ubao wa nyuma kuelekea mbele. Sukuma ubao wa nyuma kwa nguvu. Hatua nne, rahisi ukiwa umekaa sebuleni. Ndege ikiwa imepinduka majini, mkanda umekubana na hakuna mwanga, hazitendeki kwa mtu ambaye hajawahi kuzifanya kwa mikono yake. Rubani wa 206 anayevuka ziwa au bahari amwonyeshe abiria aliye karibu na mlango, naye aufungue mwenyewe mara moja wakiwa bado ardhini na flapu zikiwa chini. Habari ikisema "Cessna" tu, hakuna msomaji atakayewahi kuuliza kama watu walizama kwa sababu ya pigo au kwa sababu ya mlango.

Halafu kuna suala la uzito. Mara nyingi husomwa kwamba ndege "yenye uwezo wa kubeba watu wanne ilikuwa na watu wanne", kana kwamba hesabu imeishia hapo. 172S inaruhusiwa kupaa ikiwa na kilo 1,157. Yenyewe tupu, pamoja na vifaa, huwa karibu kilo 765. Mafuta yanayotumika ni lita 200, na kwa kilo 0.72 kila lita ni kilo 144. Kinachobaki ni takriban kilo 248: watu watatu wa kilo 80 na begi dogo. Mtu wa nne akipanda, mafuta yapunguzwe. Caravan 208B ni hivyo hivyo kwa kipimo chake. Uzito wa juu ni kilo 3,969. Tupu na viti vyake chukulia 2,300. Matangi yakijaa ni lita 1,257, zaidi kidogo ya kilo 1,000. Zinabaki kama kilo 660 za rubani, abiria na mizigo. Viti vinaweza kuwa kumi na zaidi, lakini kwa matangi yaliyojaa havikaliwi vyote.

Uzito huo huo haufanani Zanzibar na Nairobi. Uwanja wa Wilson uko takriban futi 5,500 juu ya bahari. Kwa kimo hicho joto la kawaida la vitabuni ni nyuzi 4. Mchana wa nyuzi 25, kila nyuzi inayozidi huongeza kama futi 120, hivyo ndege hupaa kana kwamba iko futi 8,000. Injini ya pistoni isiyosukumiwa hewa hupoteza hapo karibu robo ya nguvu: zile nguvu za farasi 180 za 172S huwa kama 135. Kitabu chake kinamtaka rubani, juu ya futi 3,000, apunguze mafuta kwenye mchanganyiko wa mafuta na hewa kabla ya kupaa mpaka apate mizunguko mingi kabisa. Anayetoka pwani na kuacha mchanganyiko mzito kama alivyozoea hujaza plagi masizi na kupoteza nguvu zaidi. Juu ya hapo, njia ya nyasi kavu huongeza asilimia 15 ya mwendo wa ardhini, na kila noti 2 (noti ni maili moja ya baharini kwa saa) za upepo wa mgongoni huongeza asilimia 10. Noti 6, upepo ambao mtu huusikia tu usoni, ni asilimia 30.

Caravan ina matatizo ya namna yake. Hewa ya chumvi ya pwani hula mapanga ya ndani ya injini, na ndiyo sababu injini huoshwa ndani kwa maji safi mara kwa mara. Kwenye viwanja vya changarawe rubani hufungua kichepuo cha hewa ili vumbi na kokoto zisiingie. Na betri dhaifu yaweza kuiharibu injini hata kabla ndege haijasogea: mafuta yasifunguliwe kabla mtambo haujafika asilimia 12 ya mzunguko wake, la sivyo joto hupanda, na kwa PT6A-114A kikomo wakati wa kuwasha ni nyuzi 1,090 kwa sekunde 2 tu.

Neno "kuukuu" nalo litumike kwa uangalifu. Kiwanda kilisimamisha ndege zake ndogo za pistoni mwaka 1986 kwa sababu ya kesi za fidia, kikazirudisha 1996 baada ya sheria ya Marekani ya 1994 kuweka ukomo wa miaka 18 kwa dhima ya mtengenezaji. 210 haikurudi, hivyo kila 210 inayoruka leo ina miaka 40 hivi au zaidi. Umri peke yake si kosa. Kinachotakiwa kuulizwa ni kama mhimili unaobeba mabawa, uliofichwa juu ya dari, umekaguliwa kutu na nyufa. Mwaka 2019 karibu na Mount Isa, Australia, 210 ilikatika bawa angani kwa ufa ulioanzia kwenye kidonda cha kutu. Sponji iliyobandikwa pale kiwandani hushika unyevu dhidi ya chuma. Kwa Cessna za pistoni kwa jumla, swali jingine ni reli za viti, zinazotakiwa kukaguliwa kila saa 100 au miezi 12. Matundu yake yakilika kutoka duara hadi umbo la yai, pini huchomoka ndege inapoinua pua. Rubani huteleza nyuma akiwa ameshika usukani, na pua huzidi kupanda.

Mwandishi aliye eneo la tukio hana haja ya kuyajua yote haya. Apige picha ya mkia au ubavu penye herufi za usajili, 5H kwa Tanzania au 5Y kwa Kenya, na picha hiyo isikatwe ofisini. Kwa herufi hizo, Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya nchi husika inaweza kumwambia modeli kamili na mwaka wa kuundwa, siku hiyo hiyo, kabla gazeti halijaenda mtamboni.

Fundi wa ndege,
Dar es Salaam