Barua kwa Achieng': namba iliyokataa kuwa tasa

Kisumu, Jumapili jioni

Achieng' mwanangu,

Barua yako imenifikia. Unasema mwalimu alikukosoa uliposhikilia kwamba 4294967297 ni namba tasa, na kilichokuuma zaidi ni kuwa kanuni yako ilikuwa imefaulu mara tano. Unaipa 2 kipeo cha 1, 2, 4, 8, 16, kila mara unaongeza 1, unapata 3, 5, 17, 257, 65537. Zote tasa. Kipeo kinachofuata, 32, ndicho kinachokupa 4294967297. Sikulaumu hata kidogo. Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse kule Ufaransa, aliamini hivyo hivyo mwaka 1640.

Unajua mimi namba naziona kwa vigae. Nipe vigae 18, nitakutandikia 3 kwa 6. Nipe 17, na hata nikikesha, sipati umbo ila mstari mmoja mwembamba. Hiyo ndiyo tasa. Sasa, vigae 4294967297 je?

Leonhard Euler, mwanahisabati wa Uswisi, alijibu mwaka 1732: vinapangika, kwa upana wa 641. Kinachonifurahisha ni jinsi utafutaji unavyoweza kufupishwa. Euler alithibitisha kwamba namba tasa yoyote inayoigawanya hiyo, ukiitoa 1, lazima igawanyike kwa 64. Basi anza na 65, uongeze 64, uongeze tena. Tasa utakazokutana nazo ni 193, 257, 449, 577, 641. Tano tu!

Jana usiku nilikaa sebuleni na penseli yangu ya kazi na kipande cha boksi la vigae. 193 ikabakisha 109. 257 ikabakisha 2, karibu sana, moyo ukanienda mbio. 449 ikabakisha 325, 577 ikabakisha 288. Nikaingia 641, tarakimu moja moja, hadi mwisho pakabaki sifuri. Jibu 6700417. Nilimwamsha mama yako nikamwonyesha.

Hebu fikiria sakafu hiyo kwa vigae vya sentimita 30: upana mita 192 na ushei, urefu zaidi ya kilomita 2000. Ungetandika kutoka hapa Kisumu hadi Mombasa, ukarudi, na vigae vingali vimebaki. Na zile tano za mwanzo? Hadi leo hakuna aliyepata tasa ya sita katika mfululizo huo.

Jambo moja limenishinda. 641 ni 640 kuongeza 1, tena ni 625 kuongeza 16. Nasikia kutokana na hayo mawili unaweza kuonyesha kuwa 641 inaigawanya namba yetu bila kugawanya hata mara moja. Mwombe mwalimu akuelekeze, nawe ukifunga shule unifundishe.

Kile kipande cha boksi nimekutilia ndani ya bahasha. Kwenye 449 nilikosea kukopa nikafuta, kwa hivyo upapitie tena kwa mkono wako.

Baba yako