Barua ya wazi kwa Katibu wa Elimu ya Kiufundi: Pimeni kusoma mbali, kuandika mbali

Mheshimiwa Katibu,

Pokea salamu zangu kutoka Mombasa. Mimi ni mwalimu wa stadi za mawasiliano katika chuo kimoja cha kiufundi mjini hapa, na nina ombi moja kuhusu namna tunavyowapima wanafunzi wa diploma katika Kiingereza. Naomba ofisi yako ituelekeze sisi wa vyuoni tupime kusoma mbali, kuandika mbali na sarufi mbali. Kipimo hicho kifanywe mwanafunzi akiwa ndiyo kwanza ameingia, na matokeo yake yatumike kumfundisha.

Nimeandika kwa Kiswahili kwa kuwa Kifungu cha 7 cha Katiba kinakitambua kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na kwa kuwa wazazi wa wanafunzi hawa, wawe Majengo, Mtongwe au Kinango, wana haki ya kusoma wenyewe yanayosemwa kuhusu watoto wao.

Mwanafunzi wa diploma hutujia akiwa na wastani wa C- au zaidi katika KCSE, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Mtihani wa Kiingereza alioufanya huko una karatasi tatu. Ya kwanza, yenye alama 60, ina uandishi wa kiuamilifu (barua, ripoti na kadhalika), kujaza mapengo na maswali ya matamshi na mazungumzo ambayo hujibiwa kwa maandishi. Ya pili ina alama 80 za ufahamu, fasihi, ushairi na sarufi. Ya tatu, alama 60, ni ya insha. Alama zote 200 husagwa pamoja, na mwalimu wa chuo huletewa herufi moja tu. Nikiona D+ kwenye karatasi ya matokeo sina njia ya kujua kama kijana huyu hakuelewa alichosoma, au alielewa lakini akashindwa kukiandika, au ni vitabu vya fasihi tu ambavyo hakuvisoma. Shida hizo hazifanani, na anayezifundisha kama shida moja anapoteza muda wake na wa mwanafunzi.

Ukija darasani kwangu utakuta kijana aliyekulia ufuoni Bamburi akiwauzia wageni safari na vinyago. Kiingereza chake cha mdomo kinatiririka, na Kijerumani anacho cha kutosha. Mpe kalamu aandike ripoti ya nusu ukurasa, sentensi zinafuatana bila nukta, mama mwenye mzigo anageuka mwanamume aya inapoendelea, na jambo lililotokea jana linasimuliwa kana kwamba linatokea sasa. Karibu naye ameketi msichana anayeijua sarufi kwa kanuni zake. Mwekee maswali ya kuchagua jibu, atakosa machache mno. Mwambie amwandikie wakala wa meli kwamba kontena limefika lakiri yake ikiwa imevunjwa, ataandika mistari minne, na miwili kati yake ameitoa kwenye swali lenyewe. Nyuma kabisa yupo kijana wa ndani huko Kinango, mzito wa kusema, asomaye polepole kalamu ikimwongoza mstari kwa mstari. Huyo ukimuuliza kwa Kiswahili amesoma nini atakueleza yote, hata lile ambalo mwandishi alilidokeza tu.

Watatu hawa wanaweza kupata alama sawa katika mtihani wetu wa mawasiliano, kwa sababu maswali yake mengi ni ya kukumbuka. Taja vizuizi vitano vya mawasiliano. Fafanua tofauti ya mawasiliano rasmi na yasiyo rasmi. Eleza sifa za msikilizaji mzuri. Sisemi kwamba maarifa haya hayana kazi. Lakini mwanafunzi anaweza kuyakariri usiku mmoja kutoka kwa daftari la mwenzake, akapita vizuri, na hadi hapo hakuna aliyemwekea ukurasa mmoja wa Kiingereza mbele yake kuona kama anauelewa. Mtaala wa umahiri, unaompima mwanafunzi kwa anachoweza kufanya, umetupa nafasi ya kurekebisha jambo hili, kwa kuwa sehemu kubwa ya tathmini hufanyika chuoni, na wathibitishaji wa ndani na wa nje wanakuja kuikagua. Mawasiliano ni kitengo cha msingi ambacho mwanafunzi wa kiwango cha 6, yaani cha diploma, hana budi kukipitia. Hata hivyo, uamuzi wa mwisho ukisema kwamba bado hajafikia umahiri, hausemi ni umahiri wa nini. Mwanafunzi anabaki kuambiwa kwamba Kiingereza chake ni kibaya, maneno ambayo hayamsaidii hata kidogo.

Katika kupima kusoma nina pendekezo ambalo najua litawashangaza wengi. Mwanafunzi apewe matini ya Kiingereza, asome kwa muda uliowekwa, kisha aruhusiwe kujibu kwa Kiswahili. Mwalimu anayeuliza swali la ufahamu kwa Kiingereza na kutaka jibu kwa Kiingereza amepima vitu viwili na kuviandikia alama moja. Jibu likiwa bovu, hajui kama ni macho ya msomaji yaliyoshindwa au ni mkono wa mwandishi. Yule kijana wa Kinango ameandikwa kuwa hajui kusoma tangu shule ya msingi, na sababu ni hiyo.

Nimewahi kulijaribu darasani, kwa ukurasa wa maelekezo ya kuhifadhi mizigo ya hatari. Waliojibu kwa Kiswahili walijitenga makundi mawili waziwazi. Wapo walioandika kwa ufasaha kwamba kemikali ile isiwekwe karibu na vyakula, na kwamba lebo ikibanduka mzigo usiguswe mpaka hati zake zikaguliwe. Wapo wengine, wakiwemo wasemaji wazuri, ambao majibu yao yalikuwa ya kubahatisha kutokana na maneno machache waliyoyatambua. Hawa wa pili ndio walionitia wasiwasi. Mtu wa namna hiyo akienda bandarini Kilindini anaaminiwa kwa sababu anaongea vizuri, halafu anapewa karatasi asiyoielewa. Kanuni za kimataifa za kusafirisha bidhaa hatari baharini zinazigawa katika madaraja 9, na mfanyakazi anayechanganya daraja moja na jingine ataweka pamoja mizigo ambayo ingepaswa kutenganishwa.

Najua nitaambiwa kwamba Kiswahili hakina nafasi katika mtihani wa Kiingereza. Basi kisibaki. Kitumike katika kipimo hiki cha kusoma tu, ambacho kazi yake ni kumjulisha mwalimu aanzie wapi. Kuandika kwa Kiingereza kutapimwa siku hiyohiyo, kwenye karatasi yake.

Wanaodhani kwamba kutenganisha stadi ni anasa ya wasomi waangalie yaliyowapata wauguzi wetu. Novemba 2021, aliyekuwa Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, alitangaza kwamba kati ya wauguzi 300 waliokuwa wakiandaliwa kwenda kufanya kazi Uingereza, ni 10 tu waliofaulu mtihani wa Kiingereza. Nchi nzima ilishangaa. Walikuwa watu wenye vyeti vya taaluma, waliosomeshwa na kutahiniwa kwa Kiingereza miaka yote. Lakini mtihani wa IELTS, ambao ni mmoja wa mitihani inayokubaliwa na baraza la wauguzi la Uingereza, hutoa alama ya kila stadi peke yake kwa kipimo kinachofika 9, na baraza hilo linataka 7 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Mwenye mdomo mzuri hawezi kuufunika uandishi wake dhaifu. Najua vyuo vya uuguzi viko chini ya Wizara ya Afya, si chini yako, lakini vijana ni walewale, wametoka shule zilezile, na mabaharia wetu wanasubiriwa na mlango kama huo. Shirika la Kimataifa la Bahari lilipitisha mwaka 2001 misemo sanifu ya Kiingereza ya mawasiliano melini, na afisa wa zamu hawezi kupata cheti chake bila kuijua na kuitumia. Mji wa bandari usingoje mtihani wa kigeni uje kuwaambia watoto wake walipopungukiwa, tena baada ya ada zote kwisha kulipwa.

Kuhusu kuandika, naomba kazi za kwenda kufanyia nyumbani ziache kuhesabiwa kama kipimo. Zamani tulikuwa na tatizo la mwanafunzi kuandikiwa na mtu wa saiba, duka la kompyuta na intaneti. Leo programu ya akili unde kwenye simu inamwandikia ripoti safi kabla matatu haijatoka Likoni. Mwanafunzi aandike darasani, kwa mkono, dakika 40, jambo ambalo mtu wa kazi yake huandika kweli: ripoti ya ajali ndogo karakanani, barua ya kueleza kuchelewa kwa mzigo, maelezo ya zamu kwa anayeingia jikoni. Kila karatasi isomwe na walimu wawili, iwe na namba bila jina, na kila mmoja atoe alama zake kabla ya kuona za mwenzake. Wazitoe kwa vigezo vinavyojulikana: je, ujumbe umefika, mpangilio unaeleweka, msamiati unatosha, sarufi inasaidia au inapotosha?

Kwa maana si kila kosa la sarufi lina uzito sawa. Kiswahili hakitenganishi mwanamume na mwanamke katika kiwakilishi, hivyo vijana wetu huchanganya 'he' na 'she'. Katika barua ya salamu hilo halimdhuru mtu. Katika ripoti ya ajali yenye mashahidi wawili, msomaji hatajua ni nani aliyewasha mashine. Kiswahili hakina pia vijineno vinavyolingana na 'a' na 'the', na mwanafunzi ataviruka au kuvipachika popote kwa miaka, ilhali msomaji anamwelewa. Mwalimu anayemwaga wino mwekundu sawasawa juu ya makosa yote hamwambii mwanafunzi ni lipi la kushughulikia leo na lipi lisubiri. Naomba mwongozo wa kusahihisha ulitaje jambo hili waziwazi, maana wenzangu wengi wanaogopa kuonekana wamelegeza viwango.

Gharama ni hoja ya kweli. Madarasa yetu yamejaa, na mwalimu mmoja hubeba vitengo vya idara kadhaa. Kusoma insha za darasa zima mara mbili ni kazi kubwa. Ndiyo maana nashauri tuanze na zoezi la kujaza mapengo, ambalo wanafunzi wanalifahamu kutoka KCSE. Wilson Taylor, Mmarekani, ndiye aliyelieleza mwaka 1953. Unachukua matini nzima, unaacha sentensi ya kwanza kama ilivyo, kisha unafuta neno moja baada ya kila maneno sita. Hakuna anayechagua neno la kufuta, kwa hiyo mapengo yanaangukia sarufi, msamiati na mtiririko wa maana bila upendeleo. Linatungwa kwa saa moja na kusahihishwa haraka. Lakini lisichukuliwe kuwa mtihani kamili. Linaonyesha tu nani aangaliwe kwa karibu zaidi, na hao ndio watakaosomwa insha zao na walimu wawili kwanza.

Kuna hofu moja ambayo nimeisikia kwa wanafunzi wenyewe, nami naichukulia kwa uzito wote. Wanaogopa kipimo kipya kiwe kufuli jipya. Mtoto wa mama muuza mboga Kongowea ameshapita vichujio vingi kufika chuoni: ada ya sekondari, wastani wa KCSE, mkopo ambao haujulikani utaingia lini. Akiwekewa kingine cha Kiingereza mlangoni, tutakuwa tumempa mwenye shule nzuri nafasi ya pili na kumnyima asiye nayo. Kwa hiyo mwongozo wa wizara useme kwa maandishi kwamba matokeo ya kipimo hiki hayataingia kwenye cheti, hayatamzuia mtu kujiunga na kozi yoyote, na hayatabandikwa ukutani. Mwanafunzi apewe yake mkononi, pamoja na maneno mawili matatu ya mwalimu yanayomwambia aanze na nini. Kisha apimwe tena kwa namna ileile kabla hajakwenda mafunzo ya kazini, ili aone amesogea kiasi gani na chuo nacho kione kama kimemfundisha. Kipimo kisichofuatwa na saa za kufundisha, heri kisifanywe. Vyuo viruhusiwe kutenga kipindi cha ziada kila wiki kwa wanaokihitaji, na mwalimu wake alipwe.

Ninaloomba kwako kwa sasa si kubwa. Ruhusu vyuo vichache vya Mombasa vianze na wanafunzi watakaoingia Septemba. Tuitishie kikao kimoja na watu wa bandari, wa forodha, wa hoteli na wa karakana, watuletee hati halisi wanazozitumia, majina na siri za wateja zikiwa zimefutwa, tuzitumie kutunga karatasi za kusoma. Walimu tupo, na wengi wetu tuko tayari kuanza hata kabla bajeti haijapatikana. Tunachokosa ni waraka wenye sahihi yako unaosema kwamba jibu la Kiswahili katika kipimo cha kusoma ni halali, ili mthibitishaji akija asitufutie kazi yetu.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa Stadi za Mawasiliano,
Mombasa