Wale vifaranga wa sato

Kaka Elibariki,

Salamu zako Bibi kazipata, kafurahi sana. Hapa Majengo sote wazima, ila mvua haitupi nafasi hata ya kuanika nguo.

Nakuandikia mbiombio kwa sababu ya alichoniambia Neema: umeagiza vifaranga wa sato, utajaza bwawa lako la Kahe, na watakaozidi utawamwaga Ziwa Chala ili vijana wapate cha kuvua. Kaka, bwawa tutaongea. Chala nakuomba sana, usimwage hata mmoja.

Mle kuna perege asiyepatikana kwingine popote duniani. Wataalamu wanamwita Oreochromis hunteri, na yumo kwenye orodha ya samaki walio hatarini kabisa kutoweka. Watu walishamwingizia perege wageni, sasa tumwongezee na sato? Sato anakua upesi, anagombea chakula na mazalio, tena anazaliana na perege wenyeji. Si unajua perege jike anavyoatamia mayai mdomoni, ukimkamata vitoto vinamchomoka? Vitoto hivyo vikishakuwa machotara, hakuna wavu wa kuwachambua.

Mjomba wako wa Mwanza si alikuwa akitusimulia habari za furu, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria? Sangara aliingizwa humo miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa ametapakaa kote. Aina nyingi mno za furu hazijaonekana tena. Minofu ya sangara ilileta fedha, sikatai, lakini furu ndio hao wamekwenda.

Bwawa nalo linanitia wasiwasi. Mfereji ukifurika masika, samaki wako wataingia Ruvu, mto uleule unaotoka Ziwa Jipe, na Jipe nako kuna perege wake. Utaniambia sato ameshaingia bonde la Pangani. Kweli. Lakini Chala haina mto unaoingia wala unaotoka. Sato hafiki mle mpaka mtu ambebe kwenye ndoo, na sitaki mtu huyo awe wewe.

Sasa niambie: umeshalipa zote? Mwenye vifaranga hawezi kupunguza idadi? Tuta la bwawa limepanda kiasi gani, na bomba la kutolea maji lina wavu? Afisa uvuvi umemwona? Na Baraka anasemaje, maana shamba ni lake? Kama kinachokusumbua ni hela ya hao watakaozidi, nitachangia nusu. Nijibu kabla hawajafika.

Wako,
Aikaeli